Koki Alivyofunga Dripu

Shemeji yangu ni fundi bomba, na jina la Koki alipewa na wateja kabla hajamwoa mdogo wangu. Jina lake la shule lipo kwenye kitambulisho tu. Ukimwita kwa jina hilo barabarani hageuki. Ukisema, "Koki, bomba linavuja," anageuka yeye, spana yake na mfuko wake wa vyuma.

Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, kana kwamba aliiazima akasahau kuirudisha. Akiingia nyumba ya mtu, kabla ya salamu anaweka sikio ukutani. Siku mdogo wangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, baba amekaa sebuleni anamsubiri, yeye kasimama koridoni kaegemea ukuta wa bafu, anasikiliza tangi linavyojaa. Baba akaniuliza, "Huyu kijana ni mzima kweli?" Nikamwambia si mzima sana, lakini ana kazi.

Methali ndizo zilikuwa zinatugombanisha. Mimi nikisema haba na haba hujaza kibaba, yeye anasema haba na haba huozesha dari. Nikisema maji yakimwagika hayazoleki, anasema yanazoleka, lete tambara. Na kazini alikuwa na amri moja: funga kwanza, uliza baadaye. Akikuta maji yanamwagika hamtafuti aliyevunja, hatafuti beseni, hasalimii mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye mita, anafunga, ndipo anavua kofia na kusema hamjambo. Mtaani kwetu hakuna ambaye hajawahi kufungiwa maji na Koki akiwa na sabuni machoni. Mimi, mwanamke mzima, nilishawahi kutoka nje na taulo kumtukana. Akanijibu, "Shemeji, nisingefunga, tusi hilo lingekuwa linaelea sebuleni kwako sasa hivi."

Alipoota uvimbe shingoni alisema ni jipu. Jipu halikuiva. Ukatokea wa pili chini ya taya, kisha mwingine kwapani, naye akanunua skafu, mwanaume ambaye hajawahi kuvaa hata tai. Tukamuuliza skafu ya nini na jua lote hili, akasema kifua. Akaanza kukonda. Mdogo wangu akawa anaanika shuka kila asubuhi kwa jasho la mumewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila Koki alifichuliwa na fundi rangi aliyekuwa akifanya naye kazi. Alikuja kutuambia kwamba mwenzake kashindwa kukaza nati ya kawaida tu, kakaa chini jikoni kwa watu, anahema, na akamwomba asimwambie mtu.

Hospitali walikata kipande cha uvimbe wakakipima, kisha daktari akatuita. Alisema ni saratani ya tezi. Alisema pia kwamba aina hiyo dawa huwa zinaiweza, mradi zianze mapema, na kwamba bila dawa tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Dawa zenyewe ni za kutiwa mshipani, awamu sita, na kati ya awamu na awamu mtu anapumzika nyumbani. Muda wote huo Koki alikuwa anatazama dari. Palikuwa na doa la maji pale. Nilijua kwamba baada ya neno saratani hakusikia kitu kingine.

Kwenye wodi ya dawa hizo mgonjwa huruhusiwa mtu mmoja wa kukaa naye. Mdogo wangu alishaandaa kikapu, blanketi na chupa ya chai. Koki akasema anataka kwenda na mimi.

Mdogo wangu akaingia chumbani akafunga mlango. Nikamfuata Koki uani.

"Una akili wewe? Mke unaye."

"Ndiyo maana," akasema. "Yeye atanitazama."

"Na mimi nitafumba macho?"

"Wewe utanisema. Kusemwa nimezoea."

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, kimepakwa rangi ya maziwa, kimejaa viti vya kuegemea vya ngozi bandia iliyochanika kwenye mikono, na kila kiti kina mti wa chuma wa kutundikia dripu. Televisheni ukutani ilikuwa inaonyesha watu wanacheka, imezimwa sauti. Wagonjwa walikuwa wametulia mno, na hicho ndicho kilichonitisha. Hospitali ninazozijua mimi watu hulalamika. Hapa kila mtu alikuwa anaikodolea macho dripu yake kama anayechunga sufuria ya maziwa isifurike.

Kiti cha pili kutoka kwetu alikaa mama mtu mzima, kilemba kichwani, uso mpana usio na nyusi. Alitufahamisha kabla hatujakaa kwamba yeye anauza mkaa na kwamba hii ni awamu yake ya nne.

"Karibuni," akasema. "Kiti hicho kinabana kidogo. Aliyekuwa anakikalia haji tena."

Koki akaganda, nusu kakaa, nusu kasimama.

"Kamaliza dozi," mwuza mkaa akaongeza. "Mbona mnakuwa hivyo?"

Sista aliyetuhudumia alikuwa mrefu, sauti yake ndogo, mtu wa kurudia maneno bila kuchoka. Akamfunga Koki mpira juu ya kiwiko, akaanza kutafuta mshipa. Mikono ile ina mishipa kama mizizi ya mti, ukiwa mbali unaiona. Siku hiyo yote ilikimbia. Akachoma mara ya kwanza, hola. Akachoma tena, hola.

"Umekunywa maji leo, baba?"

"Kidogo."

"Fundi bomba hakunywa maji," nikasema. "Andika hiyo."

Sista akacheka kidogo, Koki hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Sindano ikakubali mara ya tatu, nyuma ya kiganja cha kushoto. Akaibandika plasta, akatundika mfuko wa maji ya chumvi ya kufungulia njia, akampa na sindano ya kuzuia kichefuchefu.

"Maji haya yanashuka kwa uzito wake tu?" Koki akauliza. "Hakuna pampu?"

"Kwa uzito wake tu, baba. Tulia hapo, nikakuandalie dawa yenyewe."

Kwa swali hilo nilipata pumzi. Nikajiambia fundi amerudi mwilini. Nikatoka kwenda koridoni kumtafutia maji ya kunywa, maana aibu ile ya kutokunywa maji ilikuwa yangu pia.

Niliporudi nilimkuta amekaa wima, mkono wa kulia kauweka juu ya mpira wa dripu, kama mtu aliyekalia kitu asitake kionekane. Uso ulikuwa umempauka.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Kaa."

Nikakaa. Nikadhani ni woga wa kawaida, ambao hata mimi nilikuwa nao. Nikaweka chupa ya maji pembeni ya kiti chake, nikanyoosha sketi.

Mlango wa chumba cha dawa ukafunguliwa, akatoka mtu ambaye sikumjua. Kavaa aproni ya plastiki mpaka magotini, miwani mikubwa, barakoa, glavu mbili mbili kila mkono. Alipoongea ndipo nikajua ni sista yuleyule. Mbele yake alibeba sinia, na juu ya sinia sirinji nene imejaa dawa nyekundu. Haikuwa nyekundu ya damu. Ilikuwa inang'aa, nyekundu ya kitu cha kuuzia watoto dukani.

Koki akaninong'oneza, "Shemeji, yeye anaogopa isimguse ngozi. Mimi ananitia ndani."

Nikakivuta kiti changu karibu na chake.

Sista akaweka sinia, akatazama kichupa cha dripu. Halidondoki hata tone. Akaufinya mpira, akauinua mkono wa Koki, akaushusha, akabandua plasta kidogo. Pale mpira unapoingia mkononi damu ilikuwa imerudi nyuma, imesimama, nyeusi. Akaufuata mpira kwa vidole kwenda juu mpaka kwenye kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza. Kilikuwa kimefungwa hadi mwisho.

"Nani kafunga hii?"

Koki akawa anatazama televisheni kwa bidii kubwa.

"Ni yeye," akasema mwuza mkaa. "Nimemwona. Kakaza kama anafunga gesi."

"Palikuwa na hewa," Koki akasema. "Nimeiona kwa macho yangu, kiputo, kinashuka. Hewa ikiingia kwenye bomba..."

"Mwanaume mzima unagombana na kiputo," mwuza mkaa akasema.

"Mama, tuachie mgonjwa wetu," nikamwambia.

"Nimewaachia. Ila na mimi dripu yangu inakaribia kwisha, mtu asisahau."

Nilitamani sista afoke, kwa sababu mtu akifoka nami najua pa kuanzia. Hakufoka. Akavuta kigoda akakaa, akamweleza Koki kwamba kiputo kidogo namna ile hakidhuru, kwamba kile kichupa cha juu kazi yake ndiyo hiyo, kunasa hewa. Lakini dripu ikisimama damu huganda, na hapa imeshaganda, sindano hii haifai tena. Itabidi aitoe aanze upya mkono wa pili.

"Na nisikufiche," akasema. "Hii nyekundu ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Nahitaji mshipa mzima, na nahitaji wewe usiguse kitu. Ukiona hewa, ukiona mzimu, niite."

"Basi tuache leo," Koki akasema.

"Dawa imeshachanganywa, baba. Haikai. Ukikataa leo inamwagwa."

"Imwagwe."

Sista akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Hakuna anayewekewa kwa nguvu hapa. Namalizia na mama huyu, nikirudi uniambie, nimwite daktari uongee naye. Lakini sindano hii naitoa." Akaitoa, akaweka pamba, akaenda.

Tukabaki. Koki alikuwa amebonyeza pamba kwa kidole gumba kana kwamba mwili wote ungevujia hapo.

"Haikuwa hewa," akasema taratibu.

"Najua."

"Unajua mabomba ya zamani, yale ya chuma? Yakikaa na kutu miaka, kutu yenyewe ndiyo inashikilia bomba. Ukifungulia maji kwa nguvu, kutu yote inabanduka, bomba linapasuka ukutani, huoni hata limepasukia wapi. Nimeharibu nyumba ya watu hivyo." Akameza mate. "Sasa hivi naumwa, lakini nimekaa, naongea na wewe. Ile kitu ikiingia sijui nini kitabanduka."

Nilitaka kumwambia neno la faraja. Nilipekua kichwani, kulikuwa na moyo konde, kulikuwa na jikaze, kulikuwa na Mungu yupo, na yote yalikuwa yameshasemwa na majirani. Kwa hiyo nikasema kilichokuwa kinanikaba.

"Koki, nikirudi bila dawa kuingia, mimi ndiye nitakayemwambia mdogo wangu. Si leo tu. Na siku ile nyingine pia, ile unayoijua. Nitasimama mbele yake niseme dawa ilikuwepo, kiti kilikuwepo, sista alikuwepo, ila mumeo alifunga."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema hivyo hivyo. Hata neno moja sipunguzi."

Akanitazama kwa hasira. Ilikuwa hasira ya kweli, na nilifurahi kuiona, kwa sababu ilikuwa na damu ndani yake kuliko ule uso wa majivu. Kisha hasira ikamtoka, akabaki mtu mdogo kwenye kiti kikubwa. Sikumshika mkono. Hatuna mazoea hayo. Nilimsogezea chupa ya maji, akanywa yote, funda kwa funda, kama anatekeleza hukumu.

Sista aliporudi, Koki alikuwa ameshakunja shati mkono wa kulia.

"Nikisikia inaunguza nafanyaje?"

"Unasema. Hapo hapo. Husubiri."

"Nasema tu. Sifungi."

"Unasema tu, mimi ndiye nafunga."

Mshipa ulipatikana mara moja. Maji ya chumvi yakashuka, tone, tone. Sista akachomeka sirinji pembeni ya mpira, akaanza kusukuma, polepole mno, kila mara anavuta nyuma kidogo kuhakikisha damu inarudi. Ule wekundu ukaanza kusafiri. Mpira ulikuwa mweupe wa kuonyesha ndani, tukawa tunauona unavyokwenda, mimi, yeye, na mwuza mkaa ambaye shingo ilikuwa imerefuka. Ulifika kwenye plasta ukaingia chini yake, hatukuuona tena.

"Unasikia nini, baba?"

"Baridi."

"Baridi sawa. Kingine?"

"Mdomoni. Kama nimelamba chuma."

"Sawa. Inatokea."

Ukapita muda. Mara akasema, "Sista," kwa sauti iliyotufanya sote tumgeukie. Sista akaacha kusukuma.

"Inaunguza?"

"Hapana. Pua inaniwasha, na mikono naogopa kuisogeza."

Nikamkuna mimi. Miaka yote ya ushemeji sijawahi kumgusa pua mtu yule, na natumaini haitarudiwa.

Baada ya nyekundu zikaja nyingine, nyeupe kama maji, moja ya sirinji na moja ya mfuko. Dawa ya kichefuchefu ikamlemea akasinzia, kichwa upande, mdomo wazi. Hapo ndipo nilipokiona: kiputo, kidogo kama punje ya mtama, kwenye mpira, kinashuka. Nilikuwa nimemsikia sista kwa masikio yangu haya mawili. Hata hivyo nilijikuta nimesimama na mkono umeinuka. Nikaushusha. Nikakitazama kikienda mpaka kikaingia, na nikamtazama kifua Koki kama kinapanda. Kikapanda. Kikashuka. Nikakaa, mgongo wote umelowa.

Alipoamka alitaka kwenda msalani. Sista alikuwa ametuonya kwamba mkojo utatoka mwekundu, ni rangi ya dawa, asishtuke. Akaenda na mti wake wa dripu unaosukumwa kwa magurudumu, mimi nikangoja nje ya mlango. Alikawia humo.

"Koki?"

"Nipo."

"Mbona hutoki?"

"Aliniambia," akasema kutoka ndani. "Najua aliniambia. Ngoja kwanza."

Alipotoka alikuwa ameshika ukuta. Kuambiwa ni kitu kimoja, kusimama peke yako unatazama mwili wako unamwaga nyekundu ni kingine, na mimi sikumcheka wala sitamruhusu mtu amcheke.

Jua lilikuwa limeshapinda tulipofunguliwa. Sista akatupa vidonge, akatuambia homa yoyote, hata ndogo, turudi mbio tusisubiri kupambazuke, maana kinga ya mwili itashuka. Neno hilo nalo nikalibeba, likakaa kifuani juu ya mengine. Mwuza mkaa alikuwa ametangulia kuondoka. Akipita alimgonga Koki begani akasema kitanda akipange karibu na choo, basi.

Kwenye teksi Koki alikaa jicho kwenye plasta ya mkono.

"Sasa haizimiki," akasema.

"Nini?"

"Hii. Bomba ukikosea unarudi kwenye mita unafunga. Hii iko humu, inatembea, sijui iko wapi."

Nilitaka kumwambia ndiyo vizuri, iko kazini. Rangi niliyoiona usoni mwake ikanifanya nimwambie ashushe kioo. Dereva akatutazama kwenye kioo chake cha mbele.

"Mzee akitaka kutapika mseme mapema, viti nimeviosha jana."

"Wewe tazama barabara," nikamwambia. "Vikichafuka nitaviosha, na wewe juu yake."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Koki alishuka, akatembea kwa kushika ukuta wa nyumba, akafika kwake, akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema imekwenda salama. Akasema, "Ndoo."

Alikuwa nayo mkononi. Koki akapiga magoti palepale kizingitini, mdogo wangu naye akapiga magoti, mkono mmoja kwenye ndoo na mwingine kwenye paji la uso wa mumewe. Alitapika mpaka hakikubaki kitu, kisha akaendelea kutapika hicho kisichokuwepo. Kila alipopata nafasi ya kuvuta pumzi aliuliza swali lilelile, anamuuliza mkewe, si mimi.

"Inatoka? Dawa inatoka?"

"Haitoki."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Imeshaingia, haitoki."

Mdogo wangu hakuwa hospitali. Hakuona mpira wala sirinji, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza lolote. Mimi niliyekuwa pale siku nzima nilisimama nyuma yao na kikapu, na swali hilo hata sikuwa nimelifikiria kumuuliza sista.